Alama za plau la zamani na ekari unayolipia

DESEMBA 2017, Chuo Kikuu cha Egerton huko Njoro, Kenya, kilipokea walimaji wa kutoka mabara mbalimbali waliokuja kushindana kulima kwa plau. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1995 mashindano hayo ya dunia yalikuwa yamefanyika hapo hapo Njoro.

Anayekwenda kutazama kwa mara ya kwanza hutarajia mbio. Hakuna mbio. Kuna mtu juu ya trekta linalokwenda taratibu kama mgonjwa. Anafika mwisho wa kipande, anashuka, anarudi nyuma kwa miguu, anapima kwa rula, anakaza skrubu nusu mzunguko, anapanda tena. Mtazamaji wa huku kwetu atauliza swali moja tu: huyu analima lini?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake linamhusu kila anayekodi trekta kwa ekari. Lakini ili tulifikie, inatubidi tuanzie kwenye tawi la mchezo huu ambalo halizungumzwi sana huku, nalo ni mashindano ya matrekta ya zamani.

Mashindano ya dunia yanasimamiwa na Shirika la Dunia la Kulima kwa Plau, lililoanzishwa mwaka 1952. Ya kwanza yalifanyika Cobourg, nchini Canada, mwaka 1953. Humo hutumika zana za kisasa za gharama kubwa, zenye haidroliki kila pembe. Uingereza na Ireland, hata hivyo, karibu kila wilaya ya wakulima ina mashindano yake madogo ya msimu, na ndani yake yapo madaraja ya farasi, ya zana za kisasa na ya matrekta ya zamani. Daraja hilo la mwisho huwavuta wazee waliostaafu, mafundi wa gereji na vijana walioachiwa trekta na babu. Hapo ndipo sheria zinapokuwa na mvutano, kwa sababu inabidi kwanza mkubaliane nini ni cha zamani.

Kwa kanuni zinazotumika sana Uingereza, trekta na plau huhesabiwa kuwa vya zamani iwapo vilitengenezwa kabla ya mwisho wa mwaka 1959. Vilivyotengenezwa kuanzia 1960 hadi 1976 huwekwa daraja la kati. Mstari huo unaonekana rahisi mpaka uchukue mfano wa Massey Ferguson 35, trekta ambalo wasomaji wengi wa ukurasa huu wamewahi kuliona, pengine limeegeshwa chini ya mwembe bila magurudumu. Jina hilo lilianza kuuzwa mwaka 1957 na trekta liliendelea kutengenezwa hadi 1964. Kwa hiyo 35 mbili, zenye bodi moja na rangi moja, zinaweza kuwa katika madaraja mawili tofauti. Kinachoamua ni namba iliyogongwa kwenye kibati. Kibati kikiwa kimepotea au kimebadilishwa, mabishano huanza kabla hata injini haijawashwa.

Daraja la zamani lenyewe limegawanywa. Lipo la plau la kukokotwa, lile lenye magurudumu yake lenyewe, ambalo dereva huliinua kwa kuvuta kamba akiwa kwenye kiti. Na lipo la plau la kubebwa, linaloning'inia nyuma ya trekta kwa mikono mitatu na kuinuliwa kwa haidroliki. Mfumo huo wa mikono mitatu aliupatia umaarufu Harry Ferguson, mtu wa County Down huko Ireland. Trekta lake dogo la kijivu, TE20, lilitengenezwa Coventry kati ya mwaka 1946 na 1956, na zaidi ya 500,000 yalitoka kiwandani. Mikono hiyo ndiyo ipo nyuma ya karibu kila trekta linalolima leo Mbarali, Babati au Narok, liwe limetoka India, Brazil au Uturuki. Kuwashindanisha mtu wa kamba na mtu wa haidroliki pamoja kusingekuwa haki, na waandaaji walilitambua hilo mapema.

Mvutano mkubwa zaidi ni wa vipuri. Plau la mwaka 1950 limeshakula vyuma vyake mara nyingi. Ncha huisha, bamba lililopinda linalogeuza udongo hutoboka. Mwenye nalo atanunua kipya. Je, akifunga bamba refu la muundo wa miaka ya 1980, ambalo hulaza udongo vizuri zaidi, plau lake bado ni la zamani? Akichomelea skrubu ya ziada ili arekebishe upana bila kushuka kwenye kiti? Msimamo wa kawaida ni kwamba muundo lazima uwe wa wakati ule, hata kama chuma chenyewe kimetoka kiwandani jana. Mimi naona huo ni msimamo wa busara. Ukikataa vipuri vipya kabisa unabaki na makumbusho. Ukiruhusu kila kitu, atashinda mwenye mashine kubwa ya kuchomelea.

Jambo moja huwashangaza wageni. Katika kutoa alama za kulima, rangi ya trekta haina thamani. Anaweza kushinda mtu mwenye trekta lenye kutu na kiti kilichofunikwa gunia, kwa sababu mwamuzi hutazama udongo.

Sasa tuingie shambani. Kila mshindani hupewa kipande chenye namba, kwenye mashindano ya dunia takriban nusu ekari, yaani upana wa mita 20 na urefu wa mita 100. Ukilima eneo hilo kwa plau la mifuo miwili ya inchi 10, linalokata kama nusu mita kila safari, trekta litatembea kilomita nne, bila kuhesabu kugeuza. Muda umewekewa kikomo na anayezidisha hukatwa alama. Waamuzi hutembea kwa miguu, mara nyingi wawili wawili, wakiwa na karatasi. Mistari ya karatasi hiyo haitofautiani sana toka sehemu moja hadi nyingine.

Kwanza ni ufunguzi. Mlimaji hupita mara ya kwanza akitupa udongo nje kulia na kushoto, na kuacha mfereji mwembamba ulionyooka. Hutoa alama ya kunyooka, lakini lengo lake hasa ni jingine. Inatakiwa kila sentimita ya ardhi iwe imekatwa kabla udongo haujarudishwa juu yake. Baada ya waamuzi kupita, mlimaji anarudi na kujenga tuta la katikati. Mwamuzi hulichunguza tuta hilo kama mnunuzi anayechunguza gunia la mpunga: halitazami juu tu, anataka kujua kilichomo ndani. Kama chini yake kuna ukanda ambao haukuguswa na chuma, alama zinaondoka.

Hapa nawaomba mnaokodi matrekta msimame kidogo. Plau la diski tulilolizoea hutupa udongo mbali. Dereva akipanua hatua yake kidogo kila anapopita, udongo uliotupwa hufunika ukanda ambao haukulimwa na shamba zima linaonekana jekundu, limepinduliwa. Chukua plau la diski tatu linalokata sentimita 90. Dereva akiruka sentimita 20 kila safari, basi katika kila mita moja na sentimita 10 ya shamba lako sentimita 20 ni ngumu kama barabara. Hiyo ni asilimia 18. Umelipia ekari tano, zimelimwa nne na kitu. Mahindi ndiyo yatakayokuonyesha, mwezi mmoja na nusu baadaye, kwa mistari ya manjano iliyonyooka vizuri kuliko yote. Mimi yamenikuta. Dereva aliniambia, "Mzee, shamba limeisha," nikamshukuru na kumpa na ya soda.

Karatasi ya mwamuzi inaendelea na sehemu kuu ya kipande. Anatazama kama mifuo inafanana, kama hakuna mmoja uliozama na mwingine uliopanda, kama nyasi na mabua vimefukiwa vyote na havichunguliii kwenye maungio, na kama udongo umekaa imara. Huo uimara hupimwa kwa buti, mwamuzi anatembea juu yake. Udongo ulioacha mapango chini hutitia. Mbegu ikiangukia kwenye pango inaota katika hewa, mzizi unakauka. Kisha anatazama mwanzo na mwisho wa kila mfuo, pale plau linaposhuka na kuinuka. Inatakiwa mstari mmoja safi. Mwenye haraka huacha meno kama ya msumeno, na huko ndiko magugu hujificha.

Mwisho kabisa ni ufungaji, mfereji wa mwisho unaobaki pale pande mbili zinapokutana. Unatakiwa uwe mwembamba, wa kina kidogo, ulionyooka na usio na nyasi. Wengi hupoteza ushindi hapa. Makosa madogo madogo ya saa mbili au tatu, sentimita mbili hapa na tatu pale, yote hujilimbikiza kwenye ukanda wa mwisho, ambao unakuwa mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili.

Kwa nini ufungaji upewe uzito hivyo? Plau lisilogeuka, liwe la bamba au la diski, kila msimu huacha tuta pale lilipoanzia na mfereji pale lilipomalizia. Mkulima anayemwacha dereva aanzie mahali pale pale kila mwaka hujikuta baada ya miaka michache ana shamba lenye mawimbi. Mfereji ukiwa umeelekea bondeni, mvua ya kwanza ya masika inaugeuza korongo. Dawa yake haina gharama: badilisha mahali pa kuanzia kila msimu, na ulime kukatiza mteremko.

Nimeacha kina makusudi, kwa sababu ndipo penye udanganyifu. Kulima juu juu kunapendeza macho. Udongo unageuka mwepesi, mistari inanyooka, trekta halihemi. Ndiyo maana kanuni huweka kina cha chini kabisa, na mwamuzi hutembea na kipimo cha kuchoma kwenye mfuo. Kanuni ya zamani ya mafundi ilisema mfuo wa inchi 10 ulimwe inchi 6 au 7 kwenda chini. Ukipungua sana udongo unaanguka kifudifudi kama chapati, ukizidi sana unasimama wima.

Kwa mkulima wetu sababu ni ya fedha. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Kuilima kwa kina cha sentimita 20 ni kupindua mita za ujazo 809 za udongo. Kwa sentimita 15 ni 607. Tofauti ni mita za ujazo 202, ambazo kwa udongo wa kawaida ni zaidi ya tani 250 ambazo trekta halikuzigusa. Dizeli iliyookolewa imebaki kwenye tangi la mwenye trekta, bei ya ekari haikubadilika. Sisemi kila shamba linahitaji sentimita 20. Udongo mwembamba wenye mwamba karibu haupaswi kulimwa hivyo, na kulima kina kile kile miaka yote hutengeneza sakafu ngumu chini ambayo mizizi haipenyi. Nasema kina kiwe kimekubaliwa, na kipimwe.

Turudi kwa waamuzi, maana lawama hazikosekani. Kunyooka na kina vinapimika. Lakini uimara wa udongo, ufukiaji wa nyasi na ubora wa kitalu cha mbegu vinategemea jicho na buti la mtu. Waamuzi wawili wazoefu wanaweza kupishana alama mbili katika kumi juu ya kitu kile kile, na mshindi wa kwanza na wa tatu mara nyingi hawatenganishwi na zaidi ya hapo. Kuna pia bahati ya kipande. Aliyepewa penye unyevu hana kosa kama aliyepewa penye kokoto, ingawa mwamuzi mzuri anajaribu kulizingatia.

Wapo wanaotaka vipimo zaidi vya mashine ili kuondoa ubishi. Sidhani kama wako sahihi. Kipimo cha mashine kitakwambia mstari umenyooka. Hakitakwambia kama mtu anaweza kupanda ngano hapo kesho yake. Kinachopunguza manung'uniko ni mambo ya kawaida kabisa: washindani kutambuliwa kwa namba badala ya majina, waamuzi zaidi ya mmoja, na karatasi za alama kuonyeshwa mstari kwa mstari ili aliyeshindwa ajue ameshindwa wapi. Katazo la kugusa udongo kwa mkono au kuushindilia kwa mguu nalo linasaidia. Kama mfuo umeharibika, umeharibika, hauendi kuupiga kiraka waamuzi wakiangalia kwingine.

Tulioshuhudia utoaji wa vikombe kwenye viwanja vya Nane Nane tunafahamu hali ilivyo. Banda linashinda, lingine linashindwa, na mwenye banda anarudi nyumbani bila kujua alipungukiwa nini. Karatasi ya alama iliyobandikwa ubaoni ingegharimu kiasi gani?

Na tukitaja maonyesho, wafanyabiashara wadogo wasidhani mada hii haiwahusu. Mashindano ya taifa ya Ireland yalianza Februari 1931 huko Athy, kutokana na ubishi wa marafiki wawili, Denis Allen wa Wexford na J.J. Bergin wa Kildare, kila mmoja akidai kaunti yake ndiyo inayolima vizuri zaidi. Walilima kwa farasi. Mwaka 2019 mashindano hayo hayo yalivuta karibu watu 300,000 kwa siku tatu. Wengi wao hawakwenda kutazama mifuo. Walikwenda kununua, kuuza, kula na kuonana. Lakini bila mifuo kusingekuwa na sababu ya kukutana shambani, na waandaaji wameilinda miaka yote hiyo, hata pale maduka yalipokuja kuchukua eneo kubwa kuliko plau. Maonyesho yetu mengi yana mabanda, muziki na hotuba. Shamba la kushindania hakuna. Usukumani kuna vijana wanaolima kwa maksai kwa ufundi ambao ungewakusanya watu wa wilaya nzima kama ungewekewa alama na zawadi ya plau jipya.

Zipo hoja za kupinga, nazo ni nzito. Ya kwanza ni kwamba plau la mashindano ni la bamba, wakati sisi tunalimia diski. Diski ilienea huku kwa sababu hupanda juu ya kisiki na mzizi badala ya kukwama. Atakayefunga bamba kwenye shamba lenye visiki atavunja plau kabla ya saa nne asubuhi. Waliopuuza ardhi ilivyo wametuachia mfano Kongwa, ambako mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na matrekta mengi yaliyobaki vitani, ulikuta udongo unaokauka na kuwa kama saruji. Mwaka 1951 mradi ulifutwa. Alama za kina, kufungua na kufunga zinaweza kutumika kwa diski vilevile. Za ufukiaji wa nyasi inabidi zilegezwe, kwa kuwa diski kwa asili huacha mabua mengi juu.

Ya pili inatoka kwa wataalamu wa kilimo hifadhi, wanaouliza kwa nini tusifie kulima kabisa. Wanasema kupindua udongo kila mwaka kunaukausha, kunaharakisha mmomonyoko, na kwamba mabua yaliyobaki juu ni blanketi la shamba. Maeneo ya mvua chache wana haki kubwa. Anayepanda kwa kuchana mstari tu kwa jembe la kupasua hana haja na karatasi ya mwamuzi wa plau. Lakini wengi wetu bado tunakodi trekta kila Novemba, na maadamu tunalipa, ni vizuri tujue tunacholipia.

Tusiwaonee madereva pia. Mshindani hutumia saa kadhaa kwa nusu ekari. Dereva wa kukodi akiwa na trekta la nguvu farasi 70 anatakiwa kumaliza ekari nzima kwa saa moja hivi, kuna foleni ya wateja inamsubiri na mwenye trekta anapiga simu. Analipwa kwa ekari. Ukimtaka aende taratibu na ashuke chini zaidi, dizeli na muda vitaongezeka, na hilo lina bei yake. Mazungumzo hayo yafanyike kabla trekta halijatoka nyumbani, si likiwa katikati ya shamba.

Fimbo ya kupimia haihitaji kununuliwa. Kata mti ulionyooka, uchonge ncha, weka alama ya kisu kwenye sentimita 15 na nyingine kwenye 20. Choma kwenye mfuo wa mwisho uliobaki wazi ili usome kina. Kisha katiza shamba zima kwa miguu, kutoka upande mmoja hadi wa pili, ukichoma kila hatua. Fimbo itakapogoma ghafla katikati ya udongo laini, hapo parukwa. Mwite dereva aone akiwa bado hajafunga plau kwa safari, na fedha zako ziwe bado mfukoni.